Simu na kompyuta za bei nafuu: anza na kazi yako, ndipo utazame bei

Kwa familia nyingi za Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo, simu janja ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo posta na, kwa mwanafunzi, ndiyo maktaba. Inapoharibika baada ya miezi minane, hasara haiishii kwenye bei yake. Mfanyabiashara hukosa wateja, mzazi hukosa taarifa za shule, na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya ada hutumika kununua simu nyingine. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ndiye anayepaswa kuchagua kwa uangalifu zaidi, maana hana nafasi ya kununua mara mbili.

Bidhaa zenyewe si haba. Katika maduka ya Kigali na Kampala, Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, mnunuzi hukutana na simu za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote zinamilikiwa na kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion, pamoja na Samsung, Redmi na nyinginezo. Kando yake zimepangwa kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kibaya kina kasha zuri na maandishi ya kuvutia, na mnunuzi anahitaji kipimo chake mwenyewe.

Kipimo hicho ni rahisi: bei halisi ya kifaa ni fedha zote utakazozitoa, ukizigawa kwa miaka ambayo kitakutumikia. Tuchukue mfano. Simu ya faranga 60,000 inayodumu mwaka mmoja na nusu imekugharimu faranga 40,000 kwa mwaka. Simu ya faranga 110,000 inayodumu miaka minne imekugharimu faranga 27,500 kwa mwaka. Iliyoonekana ghali dukani ndiyo iliyo nafuu nyumbani. Lakini hesabu hiyo inakubali tu ikiwa simu ya pili inakidhi haja yako na ina sifa za kudumu. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitambua sifa hizo.

Swali la kwanza: itafanya kazi gani?

Kabla ya kuingia dukani, andika kwenye karatasi mambo matatu au manne ambayo kifaa kitafanya kila siku. Orodha hiyo ndiyo itakayokulinda dhidi ya maneno ya muuzaji.

Mtu anayehitaji kupiga simu, kutuma ujumbe na kupokea fedha hahitaji simu janja hata kidogo. Huduma za fedha kwa njia ya simu, kama zile zinazofunguliwa nchini Rwanda kwa kubonyeza *182#, hufanya kazi kwenye simu ndogo ya vibonyezo, na betri ya simu hiyo hudumu siku kadhaa. Kwa mzee anayeishi mbali na umeme, simu ya aina hiyo inaweza kumfaa kuliko simu ya kioo itakayozima jioni. Tahadhari moja tu: usimnunulie simu ya vibonyezo yenye mfumo wa KaiOS kwa sababu muuzaji amesema ina WhatsApp. WhatsApp iliacha kuzihudumia simu hizo mwaka 2025.

Anayetaka WhatsApp, picha za familia, habari na redio anahitaji simu janja ya kawaida, wala si ya kifahari. Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo wasikilizaji wetu wengi hulisahau: simu nyingi za bei nafuu za Android zina redio ya FM ndani yake. Ukichomeka waya wa spika za masikioni, ambao hufanya kazi ya antena, unasikiliza matangazo bila kutumia bando. Simu za iPhone hazina huduma hiyo, na baadhi ya simu za Android zimeiondoa. Kama redio ni sehemu ya maisha yako, ifungue dukani uisikie kabla ya kulipa.

Mfanyabiashara ana mahitaji mengine. Anapiga picha za bidhaa, anahifadhi risiti na anazungumza na wateja mchana kutwa. Anayevuka mpaka kila siku kati ya Rubavu na Goma, au kati ya Rusizi na Bukavu, huhitaji laini ya kila upande. Kwake nafasi ya laini mbili, betri kubwa na hifadhi pana vina thamani kuliko kamera ya sifa. Naye mwanafunzi wa chuo anayeandika kazi za kurasa nyingi atahangaika na simu yoyote ile, hata ya bei kubwa. Huyo anahitaji kompyuta.

Namba za kusoma kwenye kasha la simu

Namba ya kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia inapofanya kazi. Ni kama ukubwa wa meza: meza ikiwa ndogo, kila unapotaka kufungua daftari jipya huna budi kuliondoa lililopo. Google ina toleo jepesi la mfumo wake, Android Go, kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Tangu toleo la 13, lililotoka mwaka 2022, kampuni hiyo inataka hata simu hizo ziwe na RAM isiyopungua GB 2. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kwa mtu anayetumia WhatsApp, ramani na programu ya benki, GB 4 ndizo zinazoweza kumvusha miaka mitatu au zaidi bila kukata tamaa.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kasha linaweza kuandikwa kwa herufi kubwa "RAM GB 8", na chini yake, kwa herufi ndogo, "4+4". Maana yake ni kwamba simu ina RAM ya GB 4 tu. GB 4 nyingine zinakopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo kasi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya RAM. Mkopo huo husaidia kidogo, lakini hauigeuzi simu ya GB 4 kuwa ya GB 8. Muulize muuzaji RAM halisi ni kiasi gani, kisha uhakikishe kwenye mipangilio ya simu yenyewe.

Namba ya pili ni hifadhi, yaani ghala la picha, video na programu. Simu ya GB 32 huanza kulalamika mapema, kwa kuwa mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na picha na video za makundi ya WhatsApp humalizia iliyobaki. GB 64 zinatosha kwa matumizi ya kawaida. GB 128 zinamfaa mwenye picha nyingi. Kadi ya kumbukumbu husaidia kuweka picha na muziki, ila haifidii upungufu wa hifadhi ya ndani, kwa sababu programu nyingi hutaka kukaa ndani.

Namba ya tatu ni toleo la Android pamoja na miaka ya masasisho. Masasisho ya usalama ni viraka vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatumia. Simu isiyopokea viraka huendelea kuwaka na kupiga picha, lakini mlango wake hauna kitasa. Kwa mtu ambaye akiba yake yote imo kwenye simu, hilo si jambo dogo. Baadhi ya simu za bei ya chini hazina ahadi yoyote ya masasisho, ilhali nyingine zina ahadi ndefu: Samsung ilipoitoa Galaxy A16 mwaka 2024, iliahidi kuihudumia kwa miaka 6. Kati ya simu mbili za bei inayokaribiana, chagua yenye ahadi ndefu. Aidha, programu zenyewe hupandisha kiwango mara kwa mara. Mwaka 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kuzihudumia simu zenye Android ya chini ya toleo la 5.0. Simu yenye toleo la zamani inayouzwa leo kwa bei ya kutupa huenda ikafungiwa kesho.

Namba ya nne ni betri. Simu nyingi mpya za bei nafuu zina betri ya mAh 5,000, kiasi kinachoweza kumtosheleza mtumiaji wa kawaida kutwa nzima. Kioo chenye mwanga mkali na mtandao dhaifu ndivyo vinavyoimaliza haraka: simu inapotafuta mnara wa mbali hutumia nguvu zaidi, na ndiyo maana betri ileile hudumu mjini na kuisha mapema kijijini.

Kuhusu kamera, usihadaike na idadi ya megapikseli. Ubora wa picha hutegemea zaidi kihisi, lenzi na programu inayoichakata picha. Simu ya megapikseli 50 inaweza kupiga picha mbaya kuliko ya megapikseli 12. Piga picha mbili dukani, moja kwenye mwanga na nyingine kwenye kivuli, uzitazame kwa kuzikuza. Jicho lako litakwambia zaidi ya kasha.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni lugha. Android inaweza kuwekwa kwa Kiswahili chote, kuanzia mipangilio hadi tarehe, na kibodi ya Google hupokea maneno ya Kiswahili yanayotamkwa kwa sauti na kuyaandika. Kwa mzazi ambaye hakusoma Kiingereza wala Kifaransa, dakika mbili za kubadili lugha hiyo zina faida kubwa kuliko kamera ya tatu.

Simu iliyotumwa na ndugu kutoka ng'ambo

Familia nyingi hupata simu kutoka kwa jamaa walioko Marekani, Kanada au Ulaya. Zawadi ni njema, lakini kabla ya kutumwa iulizwe maswali matatu.

La kwanza: je, imefunguliwa? Simu nyingi za Marekani huuzwa kwa malipo ya awamu zikiwa zimefungwa kwenye kampuni moja ya simu, nazo hukataa laini ya kampuni nyingine. Aliyeinunua ndiye anayeweza kuomba ifunguliwe, na ni rahisi kufanya hivyo akiwa hukohuko kuliko baada ya simu kufika Bujumbura.

La pili: je, ina nafasi ya laini? Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini ya kawaida. Hutumia laini ya kidijitali tu, iitwayo eSIM. Mahali ambapo mtandao wako hautoi huduma hiyo, simu hiyo ya thamani itabaki kuwa kamera.

La tatu: je, inashika masafa ya huku? Mtandao wa 4G husafiri kwa masafa tofauti tofauti, na kila kundi la masafa lina namba yake. Bendi ya 3 na bendi ya 20 hutumika sana Afrika na Ulaya, lakini simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi ya 20. Simu ya namna hiyo inaweza kushika 4G katikati ya mji na kuipoteza mara tu unapotoka. Orodha ya bendi hupatikana kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, kwa kutafuta namba kamili ya modeli.

Simu bandia na namba ya IMEI

Kila simu halali ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 iitwayo IMEI. Bonyeza *#06# na namba hiyo itajitokeza kwenye kioo. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye kasha na kwenye risiti. Zikitofautiana, acha simu hiyo.

Serikali za ukanda huu zimekwisha kuonyesha kwamba hazifanyi mzaha. Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na wananchi wakaelekezwa kutuma namba ya IMEI kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halali. Kenya nayo ilitoa agizo kwamba kuanzia Januari 2025 namba za IMEI za simu zinazoingizwa au kuunganishwa nchini humo zitangazwe kwa mamlaka ya kodi. Anayenunua simu upande mmoja wa mpaka akakusudia kuitumia upande wa pili ajue kwamba simu isiyotambulika inaweza kunyamazishwa siku moja bila fidia.

Madhara ya simu bandia hayaishii kwenye kuzimwa. Mwaka 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilieleza kwamba imegundua programu haribifu iitwayo Triada ikiwa imepandikizwa ndani ya mfumo wa simu bandia za Android kabla hazijamfikia mnunuzi. Programu ya aina hiyo inaweza kusoma ujumbe na kuiba akaunti, na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakuiondoi, kwa kuwa imekaa kwenye mfumo wenyewe. Simu yenye jina kubwa, hifadhi ya GB 512 na bei ya simu ndogo haipaswi kukufurahisha. Inapaswa kukutia shaka.

Simu iliyotumika: chunguza kufuli kabla ya kioo

Simu iliyotumika vizuri kwa mwaka mmoja inaweza kuwa nafuu na bora kuliko mpya ya daraja la chini. Hata hivyo wanunuzi wengi hutazama mikwaruzo ya kioo na kusahau kufuli isiyoonekana.

Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, Android ina kinga inayoifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe. Mtu akiifuta simu kwa nguvu, itakapowaka itadai akaunti ya Google iliyokuwemo. iPhone nayo ina kinga kama hiyo tangu mwaka 2013. Kinga hizo ziliwekwa ili kumnyima mwizi faida, lakini anayeumia mara nyingi ni mnunuzi wa pili. Kwa hiyo mwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, airudishe simu katika hali ya kiwandani, kisha uiwashe upya na kuweka akaunti yako mwenyewe. Akisema hana muda au amesahau nenosiri, yamkini simu si yake.

Baada ya hapo jaribu kuchaji, piga simu ya sekunde chache, sikiliza spika, gusa kila pembe ya kioo, na tazama kama mgongo wa simu umevimba. Betri iliyovimba ni hatari ya moto. Usiikubali kwa punguzo lolote.

Simu za mkopo na za ruzuku

Jitihada za kushusha bei zimekuwapo katika nchi za jirani. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya, kwa ushirikiano na Google, ilianza kuuza simu za 4G kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Oktoba 2023 Rwanda ilizindua awamu ya pili ya mpango wa ConnectRwanda, ambapo simu ya 4G iliuzwa kwa faranga 20,000. Mwezi huohuo kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River nchini Kenya, na simu zake za bei ya chini zikaanzia shilingi 7,499.

Mipango hiyo imewafungulia wengi mlango wa intaneti. Lakini malipo ya kila siku yana tabia ya kuficha jumla. Tuseme simu inauzwa kwa faranga 100,000 taslimu. Mkopeshaji anataka faranga 20,000 za kuanzia, kisha 400 kila siku kwa mwaka mmoja. Mia nne inaonekana kama bei ya chai. Izidishe kwa siku 365 upate 146,000, ongeza zile 20,000, na simu imekuwa ya faranga 166,000. Pengine bado unaihitaji, na mkopo ndiyo njia pekee uliyo nayo, si kosa. Ila ujue bei hiyo kabla ya kutia saini, na uulize pia kitakachotokea ukichelewa. Simu nyingi za mkopo zina programu inayoifunga simu malipo yanapokatika. Kwa mwenye duka anayepokea fedha za wateja kwa simu hiyohiyo, kufungwa siku mbili ni hasara juu ya hasara.

Kompyuta: mpya dhaifu au iliyotumika imara?

Kwa mwanafunzi, mwalimu au mwenye ofisi ndogo, swali kubwa ni hili. Kwa fedha zilezile anaweza kupata kompyuta mpakato mpya ya daraja la chini, au iliyotumika iliyokuwa ya kampuni fulani Ulaya.

Kompyuta mpya za bei ya chini mara nyingi huwa na prosesa ya Celeron, kwa mfano N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 iliyogandishwa kwenye ubao. Inapendeza kwa macho, ni nyepesi na ina dhamana. Lakini Windows pekee hujaza sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, masasisho hukosa pa kukaa, na RAM aghalabu haiwezi kuongezwa. Inafaa kwa kuandika barua na kusoma tovuti moja baada ya nyingine, si zaidi sana.

Upande wa pili kuna kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5. Hizi zilitoka karibu na mwaka 2018, zina mwili mgumu, na fundi anaweza kuzifungua, kuongeza RAM na kubadili hifadhi au betri. Zikiwa na RAM ya GB 8 na hifadhi ya SSD, huzishinda kwa mbali zile mpya dhaifu.

Hata hivyo lipo jambo moja linaloamua yote: Windows. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ikawapa watumiaji binafsi nafasi ya kuongeza ulinzi kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haikubali kila kompyuta. Kwa upande wa prosesa za Intel Core, huanzia, isipokuwa chache, kwenye kizazi cha nane, na kompyuta iwe pia na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kutokana na hilo, maofisi mengi ya Ulaya na Marekani yana sababu ya kuziondoa kompyuta zao za kizazi cha sita na cha saba, na mashine za namna hiyo huishia kwenye masoko yetu kwa bei inayovutia.

Kizazi husomwa kwenye namba ya prosesa. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 6, basi ni kizazi cha sita. Katika i5-8350U ni kizazi cha nane. Usitegemee jina la modeli pekee, kwa sababu baadhi ya T480 na EliteBook 840 G5 zilitoka na prosesa za kizazi cha saba. Microsoft inatoa pia programu ya bure iitwayo PC Health Check inayosema kama kompyuta inakubali Windows 11.

Je, kompyuta ya kizazi cha sita haina kazi tena? Inayo, kwa sharti. Mfumo huru wa Linux, kama Linux Mint au Ubuntu, hupatikana bure, hupokea masasisho na hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta hizo. Programu ya LibreOffice huandika na kufungua nyaraka za Word, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kubadilika kidogo. Anayetumia intaneti, barua na uandishi hatapungukiwa. Anayehitaji programu mahususi ya uhasibu au ya usanifu inayotaka Windows, asinunue kompyuta hiyo hata kwa nusu ya bei.

Kama tayari unayo kompyuta ya zamani inayokwenda kwa kusuasua, huenda huhitaji nyingine. Kuiondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD ndiyo tiba inayoleta tofauti kubwa kuliko zote, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta.

Chromebook nazo huuzwa rahisi, na kwa shule zinafaa. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuwa modeli zilizotoka mwaka 2021 na kuendelea zitapata miaka 10. Zile za zamani zaidi, ambazo ndizo za bei rahisi sana, baadhi muda wake umekwisha. Tarehe hiyo huonekana kwenye mipangilio.

Yachunguze pia haya kwenye kompyuta iliyotumika. Ingia kwenye mipangilio ya awali, BIOS, uone kama haina nenosiri la kampuni ya zamani. Kwenye Windows, andika amri ya powercfg /batteryreport upate taarifa ya betri: linganisha uwezo wa awali na uliobaki. Soma chaja, ikiwa imeandikwa 100–240V inafaa huku, lakini printa au kifaa kilichoandikwa 110V pekee kitaungua kwenye umeme wetu.

Kabla ya kutoa fedha

Haya ndiyo ya kukumbuka ukiwa mbele ya muuzaji:

1. Soma orodha ya kazi zako, na usilipie sifa isiyokuwemo.
2. Hakikisha RAM na hifadhi halisi kwenye mipangilio, si kwenye kasha.
3. Kwa simu, bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI. Kwa kompyuta, soma namba ya prosesa.
4. Weka laini yako, piga simu, fungua intaneti, chaji.
5. Kwa kifaa kilichotumika, muuzaji aondoe akaunti zake mbele yako.
6. Uliza dhamana ni ya muda gani na kifaa hutengenezewa wapi. Dhamana ya duka la Kampala haina msaada mkubwa kwa mtu wa Huye.
7. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya IMEI au namba ya kompyuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na risiti hiyo ndiyo ushahidi wako forodhani na polisi.

Ukishanunua, weka nenosiri la kufungua kifaa, pakua programu kwenye Play Store pekee, na usimpe fundi wala muuzaji namba yako ya siri ya fedha, hata kama anasema anakusaidia kuweka mipangilio. Nunua pia kava na kioo cha kinga. Kwa simu ya bei nafuu, kubadili kioo kilichovunjika kunaweza kukaribia nusu ya bei yake, na kinga hiyo ndogo huongeza miaka kwenye ile hesabu tuliyoanza nayo.